Mama Mkwe na Pesa za Tapeli

Ukimwona mwanamume wa Bongwe amesimama nje ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, akiulizwa jina, atokako na aendako, usimcheke. Huyo ni mimi. Mke wangu ni mwenyekiti wa Nyumba Kumi.

Chifu aliitisha baraza chini ya mwembe, akatukumbusha mpango tunaousikia tangu jumba la Westgate lilipovamiwa na magaidi mwaka 2013: kila nyumba kumi zijuane, mgeni aandikwe, jambo la kutia shaka lifike kwa mzee wa mtaa, lipande kwa naibu chifu, liishie kwa polisi. Akasema ushirikiano wa raia na polisi umo hata kwenye sheria ya polisi ya 2011. Halafu, kwa sauti ndogo, akasema kazi yenyewe haina mshahara.

Wanaume wote tukaanza kukagua vidole vya miguu. Na si ubahili tu, ndugu yangu. Hapa Kwale ilipita miaka ambayo kuonekana ukizungumza na polisi kulikuwa hatari, na wako wazee wa Nyumba Kumi waliouawa. Hayo hayasahauliki kwa soda moja ya baraza. Kimya kikatanda, hadi mkono mmoja ukanyanyuka upande wa kina mama. Nikaujua kwa bangili.

Tangu siku hiyo namwita OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, akiwa mbali.

Kwanza alitwaa daftari la hesabu la mwanangu Bakari, naye Bakari akaenda kumwambia mwalimu kwamba hesabu zake zimechukuliwa na serikali. Humo akaandikwa kila mtu anayelala mtaani. Mdogo wake mwenyewe, ambaye watoto wanamwita Mjomba Kesho kwa kuwa ndilo jibu lake kila akiulizwa anaondoka lini, hakusazwa. Alikuja kwetu kwa matanga ya watu ambao hata arubaini yao imesahaulika. Daftari linasema: "Kazi: anatafuta. Kuondoka: inshallah." Nikacheka mpaka nilipofunua ukurasa wa pili, nikakuta jina langu: "Mpishi wa hoteli, Diani. Hurudi usiku wa manane. Afuatiliwe."

Kichwa anatiwa na shangazi yake wa Tanga, aliyelelewa na mabalozi wa nyumba kumi tangu enzi za TANU, na ambaye hupiga simu jioni kumfundisha kazi. Huko kwao, anadai, hata mbuzi akizaa balozi anajua. Tangu mazungumzo hayo yaanze, sufuria za nyumba hii zimeungua kuliko za hoteli nzima.

Lakini kazi anaifanya, sitamdhulumu. Alipita mlango kwa mlango kufundisha habari za matapeli wa simu. Ujumbe wa kweli wa pesa hujitambulisha kwa jina MPESA. Wa tapeli hutoka kwenye namba ya mtu wa kawaida. Usirudishe senti kabla ya kubonyeza *334# na kuangalia salio. Aliyetuma kimakosa kweli hana haja ya kukulilia, apeleke ule ujumbe wake kwa 456, kampuni ya simu ishughulike. Kampuni nayo haikupigii ila kwa 0722 000 000, na namba ya tapeli ipelekwe 333. Nyumba tisa zote zinayajua haya kama Alhamdu. Ya kumi ni yetu.

Maana kwetu yupo mama mkwe. Sisi humwita Mahakama ya Juu, kwa kuwa akishatoa hukumu hakuna pengine pa kwenda. Alasiri moja simu yake, ile mulika mwizi, ikalia ujumbe. Macho yake hayasomi, Bakari akamsomea: umepokea shilingi 4,500 kutoka kwa fulani. Kabla hajamaliza, simu ikaita. Kijana analia. Mama, nimekosea namba, hizo ni pesa za mama yangu yuko hospitali, nirudishie upesi.

Sasa wewe na mimi tunajua kwamba kile kilio ni cha kukunyima nafasi ya kuangalia salio. Lakini kijana yule hakujua amempigia nani. Mahakama ya Juu hajui kutuma pesa, hajawahi, anajua kupokea tu. Pia mali ya mtu kwake ni amana. Akamwambia, "Pole, mwanangu. Pesa zako zipo. Njoo uchukue. Ukishuka Ukunda mwambie wa bodaboda akulete Bongwe. Nakuwekea wali wa nazi na papa."

Kijana akasema yuko mbali. Mbali wapi? Mtoto wa nani? Mama anaumwa nini, na ameshajaribu mwarobaini? Kijana akakata. Akapigiwa. Akakata tena. Salio la maongezi likaisha, Bakari akamsambazia bibi yake kutoka simu yangu, bila idhini ya mahakama yoyote. Kesho yake kijana alipigiwa kabla ya alfajiri, akumbushwe swala na pesa zake. Mwishowe alizima simu kabisa. Wallahi nilimwonea huruma.

OCS alifurahi kama bibi harusi. Kesi yake ya kwanza! Akapeleka namba 333, akaandika daftarini, kisha akakaa na mama yake mkekani kumweleza polepole kwamba hakuna pesa iliyoingia, salio ni lile lile la shilingi 130.

Kosa kubwa. Mahakama ya Juu akatafakari. Ujumbe umesema pesa zimeingia. Mtoto wa watu amelia. Sasa pesa hazipo. Je, nyumbani mlikuwa na nani?

Macho yakaanza safari. Yakampita Bakari, mtoto. Yakampita Mjomba Kesho, damu yake. Yakatua kwa mpishi anayerudi usiku wa manane, ambaye hata serikali imeandika afuatiliwe.

Ungefanya nini? Mkeka wa mama mkwe wenyewe huukalii, utamhoji vipi? Nikamtazama OCS atoe ushahidi. Akasema kesi inawahusu mama yake na mumewe, kwa hiyo anajitoa. Usiku akaninong'oneza kwamba kulinda amani ya mtaa nako ni kazi ya Nyumba Kumi, na kwamba zile pesa za mabati ninazoweka nyuma ya kabati anazijua.

Ilikuwa Mei, mvua inanyesha, hoteli nusu zimefunga na zamu zetu zimepunguzwa. Nikatoa 4,500. Mama mkwe akazihesabu, akazifunga kwenye pindo la leso, akaniambia Mungu husamehe. Mwizi hakupata hata ndururu, na mimi nimeibiwa.

Pesa zile haruhusiwi mtu kuzigusa, zinamngoja mwenyewe. Mjomba Kesho aliomba akopeshwe akafukuzwa na mwiko.

Juzi tukiwa tunakula, mulika mwizi ikalia tena. Namba ngeni. Nikasikia sauti ya kijana kwa mbali: mama, nimetuma pesa kimakosa. Uso wa mama mkwe ukachanua. "Umechelewa, mwanangu! Tumekungoja! Umefika wapi?"

OCS akachomoa kalamu. Bakari akatumwa jikoni kuleta sahani ya mgeni. Na Mjomba Kesho, ambaye sijapata kumwona akiharakisha jambo lolote, alikuwa tayari ameshavaa viatu aende kumpokea Ukunda, amenyoosha mkono kwangu anataka nauli ya kwenda na kurudi.