Mapacha Wamekwisha Bisha Hodi

Nyamazeni kidogo, jamani. Tangu juzi hapa chini ya mwembe habari ni moja: bibi ya mdogo wetu wa Kabambare ana mimba ya mapacha. Na ubishi wote ni wa majina. Huyu anasema Hassan na Hussein, kama desturi ya Waislamu wa Kasongo. Yule anauliza, na wakiwa wasichana? Mwingine amekwisha hesabu vitenge, maana pacha mmoja ukimpa, sharti umpe na mwenzake. Mama mapacha, baba mapacha, heshima juu ya heshima. Sawa, wanastahili. Lakini pesa ya pikipiki ya kumleta mama huyu hapa Kasongo, nani ameweka? Kimya. Aa! Hapo ndipo ninapofyonya.

Muuguzi wa kituo cha afya aliweka ile pembe ya mti ya kusikilizia mimba upande wa kushoto wa tumbo, akasikiliza, akaihamisha kulia, akarudi tena kushoto, kisha akamwita mwenzake naye asikie. Mioyo miwili, kila mmoja na mwendo wake. Na miezi minne bado iko mbele yetu!

Wazee mnaukumbuka Mradi wa Kasongo, ule wa afya, wa miaka ya 1970 na 1980, pamoja na wataalamu wa Antwerp. Ulilifikisha jina la mji wetu katika vyuo vya utabibu vya mbali, na vijana wetu hawaujui; inaniuma. Mwaka 1984 waliandika kwamba, kati ya wanawake ambao mtoto alikwama wakati wa kuzaa, 71 kwa 100 hawakuwa miongoni mwa waliodhaniwa kuwa hatarini. Yaani hatari nyingi za uzazi huingia bila hodi. Hawa wawili wamebisha hodi, tena mapema, na sisi tunabishana majina.

Msihesabu miezi tisa. Mapacha zaidi ya nusu huzaliwa kabla ya wiki 37. Wa kwanza akitoka, wa pili anaweza kugeuka akalala mkingamo. Na tumbo la uzazi lililotanuliwa na watoto wawili huchelewa kujikaza, damu ikamwagika. Damu hiyo haimngojei dereva anayesukuma pikipiki kwenye matope ya njia ya Kabambare. Inataka dawa iliyotunzwa kwenye baridi, damu ya kumwongezea, na daktari wa kupasua akiwa karibu.

Mama mkwe anasema yeye alizaa mapacha nyumbani. Alhamdulillahi, tunamshukuru Mungu naye. Huyu mkwe wake ni tumbo lingine.

Basi zamu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, ya mwezi huu apewe baba mapacha. Mimba ikifika mwezi wa saba mama aletwe, mchana, polepole, njia ikiwa kavu, akae kwa shangazi yake karibu na hospitali, na mtu wa kumpikia. Na wewe baba mapacha ujiandae: watoto wakizaliwa wadogo, hufungwa kifuani, ngozi kwa ngozi, wapate joto. Watoto wawili, vifua viwili. Hakuna aibu mwanaume kufunga kitenge.

Mimi naanza. Franka elfu kumi, hizi hapa. Nani anafuata?