Harusi Chini ya Turubai la Kijani

Jicho la mwanadamu limejaaliwa staha ambayo kamera haikufundishwa. Likiingia chumbani mwa taa ya balbu, ambamo kila kitu kimetiwa umanjano, huusamehe umanjano huo kabla mwenyewe hajautambua, likaendelea kuiona karatasi nyeupe na shuka nyeupe; ilhali kamera, shahidi mkweli asiye na haya, huiandika nuru kama ilivyoingia na kuwaachia walimwengu ugomvi.

Ugomvi wa namna hiyo uliniangukia baada ya harusi ya mpwa wangu, kwa sababu tu nyumbani kwangu kuna kompyuta, na katika ukoo wetu mwenye kompyuta huhesabiwa kuwa tabibu wa maradhi yote yaliyomo ndani yake. Karamu ilifanyika uani, jua la adhuhuri likiwa utosini, chini ya turubai la kijani lililozuia sehemu kubwa ya nuru nyekundu na ya buluu, na kuipitisha ya kijani kwa ukarimu usio na mpaka. Waliohudhuria hawakuona ila yoyote. Picha zilipofika, bwana harusi alikuwa kijani kibichi, na dada yangu, mama wa bi harusi, akauliza kwa mnong'ono uliosikika hadi kwa majirani iwapo kijana yule alipimwa afya.

Picha nyingine zilikuwa na balaa la kinyume. Kamera ikiachiwa ijikadirie yenyewe, aghalabu hushika dhana kwamba rangi zote za mandhari zikichanganywa, wastani wake huwa kijivu. Dhana hiyo yafaa sokoni. Walakini mbele ya safu ya akina mama wenye sare za kijani, waliokaa chini ya turubai la kijani, kamera huudhani wingi ule wote kuwa kosa la nuru, ikaupunguza kupita kiasi, na nyuso zikawa zambarau. Hivyo bi harusi alikata keki akiwa kijani, akamlisha mumewe akiwa zambarau.

Programu ya kusahihishia ina vipimo viwili. Cha kwanza huhesabu kwa kelvini: mshumaa ni kama 1,900, balbu ya kizamani kama 2,800, jua la adhuhuri kama 5,500, na kivuli chini ya anga safi ni 7,000 na zaidi. Hicho huivuta picha baina ya manjano na buluu tu, na turubai halimo katika daraja hizo. Mtu aweza kukisogeza hadi alfajiri, bwana harusi akawa mgonjwa wa manjano au maiti aliyeopolewa baharini, asirejee katika ubinadamu. Cha pili huivuta baina ya kijani na zambarau, na humo ndimo dawa ilimo. Ipo pia njia ya mkato, nayo ni alama yenye sura ya kijibomba cha dawa ya macho: ukigusia nayo kitu kisicho na rangi, programu husawazisha nyekundu, kijani na buluu mahali pale, kisha hesabu ile ile ikaienea picha nzima.

Tatizo ni kumpata asiye na rangi. Ami alishauri niguse kanzu yake, kwa kuwa haijapata kutokea nyeupe kuishinda, asikumbuke kwamba weupe ule hutokana na buluu inayotiwa majini wakati wa kusuuza. Ilipoguswa, kanzu ilitakata na ukoo mzima ukawa manjano. Gauni la bi harusi, ambalo kila mtu aliliita jeupe, lilikuwa la rangi ya pembe za ndovu, nalo likatutia sote ubuluu. Babu akayatoa meno yake yatumike. Tukamshukuru kwa taadhima.

Suluhu ilitoka pembeni mwa picha, kwa sufuria kuukuu la alumini ambalo hakuna aliyewahi kulitia buluu wala kulisifu. Lilipoguswa ubavuni, nyuso zikarudi kwa wenyewe na pilau ikawa pilau.

Aliyechukia ni shangazi peke yake. Kamati ilikuwa imeagiza sare ya kijani kutoka duka moja, naye akajitafutia yake kwa bei nafuu, akiapa kwamba ni kitambaa kile kile. Na chini ya turubai kiapo kilisimama, maana nuru iliyonyimwa buluu huifanya feruzi ionekane kijani. Kuikuza buluu iliyokuwa haba kulikuza pia tofauti iliyokuwa imesitirika, na katika picha iliyosahihishwa shangazi alisimama wa feruzi, pekee, katikati ya kijani cha wenzake.

"Mwanangu," akaniambia, "kompyuta yako ina fitina."

Akataka picha yake irudishwe ilivyokuwa, uso na nguo pamoja, na hiyo ndiyo aliyoitia fremu na kuitundika sebuleni. Mgeni akiuliza kwa nini watu wote ni kijani, shangazi hulilaumu turubai kwa kirefu, hata mgeni akatosheka, asimuulize la nguo.