Mhadhara wa Wazi Kuhusu Adabu za Chaja

Mabibi na mabwana mliopanga foleni kwenye chaja hii ya bure, hapa maegeshoni pa duka letu kubwa jijini Nairobi: hamkuniomba niwahutubie. Lakini naona mmeketi kwenye magari bila la kufanya, na msomi wa hadhi yangu hapotezi hadhira. Mimi ni Profesa wa Adabu za Chaja, cheo nilichojitunuku baada ya kukosa mshindani. Nawe ndugu wa Probox ya petroli, uliyeegesha penye alama ya plagi kwa sababu pana kivuli, usiondoke. Kuna sehemu yako.

Tuanze na sayansi, maana adabu bila sayansi ni umbea. Chaja ya kasi ya kilowati 50 humimina umeme kwa nguvu betri ikiwa karibu tupu. Ikikaribia asilimia 80, kompyuta ya gari huanza kuubana mkondo ili seli zisiumie. Ni kama matatu ya abiria 14: wa kwanza huingia mbio, wa mwisho hupangwa mmoja mmoja huku kondakta akihamisha magunia. Nissan Leaf za kwanza, zenye betri ya kilowati-saa 24, ambazo wengi wenu mmeziagiza Japani zikiwa zimeshatumika, hufika 80 kwa nusu saa hivi. Zile ishirini zilizobaki zaweza kula muda mwingine kama huo. Kwa hiyo Kanuni ya Kwanza: ukifika 80, chomoa, ondoka. Kanuni hii yawahusu ninyi. Mimi hufikisha mia kwa ajili ya utafiti.

Sasa, ndugu wa Probox. Huko California sheria yakataza kuegesha kwenye nafasi ya chaja gari ambalo halijaunganishwa kuchajiwa. Sheria tukufu! Nimeitii hata kabla haijavuka bahari: gari langu halijawahi kukaa hapo bila kebo, liwe limejaa au halijajaa.

Kuna wanaotaka tuige Tesla. Kampuni hiyo, tangu Desemba 2016, humtoza anayeliacha gari kwenye chaja zake za kasi likishajaa. Siku hizi, pakiwa pamejaa kabisa, ni hadi dola moja kwa dakika. Huo ni ukatili. Wanadhani nyama choma huiva kwa ratiba ya betri? Mtu ameagiza mbuzi, amenawa mikono, kachumbari iko mezani, halafu simu inamwambia akimbie maegeshoni. Sisi tuna utu.

Kanuni ya Pili: usiguse kebo ya mwenzako. Juzi dereva mmoja wa teksi ya umeme aliniomba, kwa heshima zote, nimpishe, maana gari langu lilikuwa limejaa na yeye bado alikuwa na wateja wa uwanja wa ndege. Nilimweleza kwa upole kwamba haraka ndiyo adui wa ustaarabu. Hakuelewa. Elimu bado haijawafikia wote.

Mwanafunzi mmoja mkorofi ameniuliza kwa nini nisichaji nyumbani usiku, ilhali tangu 2023 Kenya ina bei maalumu ya umeme wa magari, na saa za usiku wa manane ni nafuu zaidi. Nimelichunguza suala hilo kwa kina. Soketi ninayo, mita ninayo, usiku pia ninao. Kasoro niliyoigundua ni kwamba umeme wa nyumbani naulipia mimi.

Muda umetutupa mkono. Maswali? Naam, mama wa gari jekundu. Unauliza ile Leaf ya kijivu iliyochomekwa tangu asubuhi ni ya nani. Swali zito hilo, lastahili mhadhara wake peke yake. Tukutane Jumamosi, hapahapa. Wala msihangaike kuwahi. Mimi nitakuwa nimeshafika.