Pistoni Ziko Wapi?

Saa kumi na mbili asubuhi jirani aligonga dirisha. Alikuwa anawahi Kariakoo na Noah yake imezibwa. Mhasibu akatoka na msuli kiunoni, jicho moja limefumba, akaingia kwenye Mazda RX-8 yake nyekundu, akaiwasha, akairudisha nyuma mita tatu, akazima, akarudi kumalizia usingizi. Kazi yote haikufika sekunde ishirini.

Saa moja kasoro robo alitoka tena, safari hii na tai shingoni. Gari halikuwaka. Stata ilizunguka, tena kwa wepesi wa kutia shaka, kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi. Akajaribu mara ya pili, ya tatu, ya saba. Ikatoka harufu ya petroli, na nyuma ya harufu wakatoka wapangaji.

Nyumba ile ya Tabata ina wapangaji watano, na asubuhi hiyo wote walikuwa madaktari. Kijana wa bajaji alisema plagi. Mwenye nyumba, ambaye zamani alikuwa na Peugeot 504 na mpaka leo hajamaliza kuisimulia, alisema platini, kifaa ambacho RX-8 haikuzaliwa nacho. Mama wa maandazi alisema gari limetupiwa jicho, maana tangu liingie uani hakuna mtu aliyelipita bila kugeuza shingo. Kwa haki, kati ya madaktari wote yeye ndiye aliyekuwa na ushahidi.

Hakuna aliyeuliza nani amelizima gari likiwa bado baridi.

Tatizo lenyewe lilianzia mbali kidogo, kwenye namba. Mhasibu ni mtu wa namba. Alipokuwa akipekua magari ya mtumba kutoka Japani aliona gari la michezo lenye milango minne na gia sita za mkono, na mbele ya neno injini pameandikwa 1,300 cc. Dada yake ana Vitz, nayo 1,300 cc. Akakokotoa mafuta ya mwezi, akapiga mistari miwili chini ya jumla, akatabasamu. Nguvu za farasi 250 kwa bei ya kulisha Vitz! Akabaki anajiuliza watu wazima wenye akili zao wanafanya nini ndani ya Corolla.

Watoza kodi wa Japani waliushtukia mchezo huo zamani. Kwao injini ya aina hii haihesabiwi kwa cc zilizoandikwa. Huzidishwa kwa 1.5, kwa hiyo 1,308 inakuwa 1,962, na mwenye gari analipia kodi ya barabara kwenye daraja la injini za karibu lita mbili. Vituo vya mafuta vya Dar es Salaam navyo vilijua bila kuambiwa. Katika foleni ya Barabara ya Mandela lita moja ilimfikisha kilomita sita, siku njema saba. Vitz ya dada ilikuwa ikimpita pembeni na kumpigia honi kwa upendo.

Sasa hiyo injini. Ndani yake hamna pistoni hata moja. Hamna valvu, hamna kamshafti, hamna gasketi ya silinda hedi. Kuna vipande viwili vya chuma vya pembetatu, mashavu yamevimba kidogo kama sambusa, na kila sambusa inazunguka ndani ya chumba chenye umbo la ganda la karanga ya punje mbili. Upande mmoja inavuta hewa na petroli, inageuka, inaibana, plagi zinapiga cheche, na moshi unatokea kwingine. Mjerumani Felix Wankel ndiye aliyeibuni; kampuni ya NSU ikaanza kuiuza ndani ya gari mwaka 1964, na Mazda ikafuata na Cosmo Sport mwaka 1967.

Shughuli iko kwenye ncha za sambusa. Kila ncha imevalishwa kipande chembamba cha kuziba ambacho muda wote kinateleza ukutani, na mwanzoni vipande hivyo viliuchanjachanja ukuta kwa mistari ambayo wahandisi wa Mazda waliiita kucha za shetani. Kenichi Yamamoto na timu yake ya watu 47 ndio waliopewa kazi ya kumpunga shetani huyo. Walifaulu vya kutosha: mwaka 1991 gari la Mazda 787B, lenye sambusa nne, lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans. Dereva aliyevuka mstari, Johnny Herbert, aliishiwa nguvu na maji mwilini, akachukuliwa na madaktari, na wenzake wakapanda jukwaani bila yeye. Mhasibu alipoisoma habari hiyo hakuona cha ajabu. Kama hali ni hiyo kwa anayeshinda, itakuwaje kwa anayekwenda kazini Posta?

Kilichotokea asubuhi ile ni hiki. Injini ikiwa baridi, kompyuta yake huimwagia petroli kwa ukarimu. Ukiizima kabla haijapata moto, petroli ile inabaki vyumbani, inaosha oili iliyokuwa ikizisaidia ncha kuziba, na inalowesha plagi. Mbano unapotea, ndiyo maana stata ilikuwa inazunguka kama haina mzigo. Halikuwa gari bovu. Lilikuwa limenyweshwa likakatazwa kula.

Fundi alifika saa mbili na kiroba cha spana. Ni fundi mzuri, na nusu ya Corolla za Tabata ziko hai kwa sababu yake. Akafungua boneti, akatoa kifuniko cha plastiki, akatulia. Akainama. Akazunguka upande wa pili. Akawasha tochi ya simu.

"Bosi, injini umepeleka wapi?"

"Si hiyo hapo."

"Hii si gia boksi?"

Alipokubali kwa shingo upande kwamba ile ndiyo injini, akauliza pistoni ziko wapi. Akaambiwa hazipo. Akamtazama mhasibu kwa huruma, kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia na bado anamtafutia majani.

Plagi ni nne, mbili kwa kila sambusa, nazo hazikai juu kama za magari ya wastaarabu. Ziko ubavuni, chini, na njia nyepesi ya kuzifikia ni kutoa tairi la mbele kushoto. Fundi akatoa tairi, akatandika boksi la karatasi, akajilaza, akazichomoa moja moja, zote zimelowa chapachapa, akazipanga juu ya gazeti. Ndipo akaona kwamba kwenye chuma, kando ya matundu, kuna herufi L na T.

"L ni lefti, yaani kushoto," akasema kutoka chini.

"Na T?"

Kimya kidogo.

"Itakuwa Toyota."

L ni plagi inayotangulia kupiga cheche na T ni inayofuata, na hizo mbili si pacha; zimetengenezwa tofauti na kila moja ina kwao. Bahati mbaya wakati mjadala ukiendelea, mtoto wa mpangaji wa chumba cha nne alikuwa amezichukua zote na kuzifanya familia: baba, mama na watoto wawili. Mhasibu alizirudisha kwenye ukoo wake kwa kusoma namba ndogo zilizochapwa kwenye kauri. Kwa mara ya kwanza tangu anunue gari lile, uhasibu ulimfaa.

Fundi akataka apime mbano. Geji anayo. Lakini sambusa ina mashavu matatu, na geji ya kawaida hushika kipimo cha shavu lenye nguvu kuliko yote na kuwanyamazia wagonjwa wawili waliobaki. Injini hii ina geji yake maalumu, na fundi hajawahi kuiona. Wakakausha plagi, wakazirudisha, wakaliachia gari lenyewe liseme.

Dawa iliyobaki ilikuwa ya kushangaza. Unakanyaga pedali ya mafuta mpaka chini kabisa, huku unapiga stata. "Unalizidishia!" mwenye nyumba akapiga kelele, mikono kichwani. Kumbe kompyuta ya gari ikiona pedali iko sakafuni wakati stata inazunguka, hufunga petroli, na injini inapuliza hewa tupu mpaka vyumba vikauke. Jaribio la tatu betri ikakata roho. Ikaletwa Corolla ya mteja wa fundi kuja kubusti, na ni lazima isemwe kwamba Corolla ile ilisimama pale kwa adabu bila kucheka.

Likawaka saa nne kasorobo. Kwanza kikohozi, halafu mshindo, halafu wingu jeupe lililofunika ua mzima, kamba ya nguo, sare za shule zilizokuwa juu ya kamba, na karai la maandazi. Mama wa maandazi akafunika karai kwa kanga. "Si niliwaambia?" akasema. "Hilo ndilo jicho, linatoka."

Wiki mbili baadaye mhasibu alichomoa kijiti cha oili akakuta imeshuka. Fundi akahukumu papo hapo: ringi zimekufa, tushushe injini. Ringi za nini, na pistoni hazipo? RX-8 inakula oili kwa makusudi. Kuna pampu ndogo ambayo kazi yake ni kuchota oili na kuidondoshea mle chumbani ili ncha zisikwaruze ukuta, na oili hiyo inaungua pamoja na petroli. Mwenye gari anapaswa kupima kila anapojaza tangi mara mbili, na lita moja ya akiba ikae kwenye buti. Mhasibu akafungua daftari lake na kuihamisha oili kutoka safu ya matengenezo kwenda safu ya chakula.

Wajuzi wa injini hizi wana ushauri mwingine: ikishapata moto, uipandishe mara kwa mara mpaka juu kabisa, mizunguko 9,000 kwa dakika, ili masizi yasigande ndani. Gari lenyewe linalia kengele ukikaribia. Mhasibu akapiga hesabu. Gia ya kwanza, kwa mizunguko 9,000, gari linavuka kilomita 60 kwa saa. Mjini ruhusa ni 50. Kwa hiyo gari lake haliwezi kutibiwa kisheria ndani ya Dar es Salaam hata kwenye gia ya kwanza. Akajaribu alfajiri moja upande wa Bagamoyo, kwenye kipande cha 80, gia ya pili. Kengele ililia vizuri sana. Askari wa tochi, aliyekuwa nyuma ya mkorosho, naye aliisikia.

Habari ya koili ni fupi. Gari lilianza kumisi, kila plagi ina koili yake, na Kariakoo muuzaji akamletea ya Demio. "Mazda ni Mazda, mkuu."

Halafu kuna ile milango. Ya nyuma ni midogo, imefungwa bawaba upande wa nyuma, na haifunguki mpaka wa mbele ufunguliwe kwanza. Mhasibu alisahau kumweleza mama mkwe. Siku ya sendoff ya shemeji yake, mhasibu alishuka, akafunga mlango wake, akaenda kusalimia wazee ukumbini. Mkewe naye akashuka upande wa pili, akafunga, akaenda kutafuta meza. Mama mkwe alibaki kiti cha nyuma na gauni lake la kitenge na kilemba, akigonga kioo ambacho pia hakishuki. Alipofunguliwa hakugomba. Alisema tu, "Baba, nikirudi nitapanda daladala," na akapanda.

Siku hizi jirani wa Noah bado anawahi Kariakoo, na RX-8 bado inaziba. Lakini hakuna anayegonga dirisha ili gari liwashwe. Saa kumi na mbili mhasibu anatoka na msuli, anaweka gia huru, anashika usukani kupitia dirishani, na kijana wa bajaji na mwenye nyumba wanakwenda nyuma. Wanasukuma mita tatu. Jioni, ikibidi, wanasukuma tena.

Juzi mpita njia aliwakuta katikati ya kazi, akasimama, akalitazama gari jekundu linalong'aa namna ile likisukumwa na wazee wa mtaa.

"Poleni," akasema. "Limekufa?"

"Hapana," mhasibu akamjibu, bado anasukuma. "Liko zima kabisa."

Mpita njia akatikisa kichwa, akaweka mfuko wake chini, akaja kusaidia.