Kahawa Iliyolala kwa Ajili ya Paloma

Mwaka ule kahawa yetu ililala nyumbani badala ya kufika kiwandani, na aliyeilaza ni mwanamke wa Meksiko. Jina lake Paloma. Kwa waliokuwa wadogo wakati huo, Paloma alikuwa mchuma kahawa katika tamthilia ya Cuando seas mía, iliyoanza kuonyeshwa Meksiko 2001 na kufika kwenye runinga za Kenya miaka michache baadaye, ikiwa imetiwa sauti za Kiingereza. Huku kwetu Imenti Kusini, juu ya Nkubu, hakuna aliyejisumbua kulitamka jina hilo la Kihispania. Mtu alisema tu, "Paloma imeanza," na njia zikabaki na mbwa.

Nimewasikia watu wakisema tamthilia zile zilikuwa upuzi wa akina mama, za kupotezea wakati. Nakataa. Nyumbani kwetu sijawahi kusikia mazungumzo mazito kuhusu kazi, mashamba na ahadi za wanaume kama yale yaliyofanywa mbele ya runinga ile, na wenye kuyafanya walikuwa watu wenye kucha nyeusi kwa utomvu wa kahawa.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Paloma na mama yake husafiri kila mwaka kwenda kuchuma katika shamba kubwa liitwalo Casablanca. Mzee mwenye shamba amewaahidi kipande cha ardhi, lakini anakufa kabla ya kutimiza neno lake. Kwenye mazishi anakuja mjukuu wake, Diego, kijana aliyekuwa akisoma Ulaya. Wanapendana. Diego anarudi masomoni, na kabla ya kuagana wanawekeana ahadi ya kukutana tena hapo hapo shambani, msimu wa kuchuma ujao. Kumbe Paloma ana mimba. Hawezi kungoja, anafunga safari kwenda Ulaya kumtafuta.

Sasa hebu mwambie hayo mama aliyezaliwa Runyenjes, Embu, akaolewa Imenti, akachuma kahawa ya baba yake na kisha ya mumewe. Hakuhitaji kuelezwa msimu ni nini. Alichohitaji ni Kiingereza tu, na hicho alikuwa nacho kaka yangu, aliyekuwa kidato cha tatu. Kaka aliketi kwenye kigoda kando ya runinga, uso umetugeukia sisi, akitafsiri kwa Kimeru sentensi baada ya sentensi. Akinyamaza kidogo, Mama anamwambia, "Huyo amesema maneno mengi, wewe umetupa mawili. Mengine yako wapi?"

Mama mdogo, dada yake wa kule Runyenjes, naye alikuwa na mfasiri wake, binti yake. Kila jioni baada ya Paloma kwisha, simu ilikuwa inaflashi. Wawili hao walikuwa wakibishana juu ya jambo moja kwa wiki nyingi: je, Paloma alifanya vyema kwenda Ulaya? Mama alisema angengoja. Diego alikuwa ameweka ahadi ya mavuno, na mtu wa kahawa akisema mavuno amesema tarehe. Mama mdogo alijibu kwamba mimba ni miezi tisa na mavuno ya Meksiko ni mara moja kwa mwaka, kwa hiyo mtoto angefika kabla ya baba yake. Hapo Mama akashangaa kweli. Mara moja? Sisi upande huu wa Mlima Kenya tunachuma mara mbili, msimu mkubwa kuanzia Oktoba hadi Desemba na ule mdogo katikati ya mwaka. Akasema Diego angelikuwa kijana wa Meru angelazimika kutaja ni mavuno gani, na Paloma asingelipanda ndege.

Nilikuja kujua baadaye kwamba Mama aligusa penyewe. Hadithi ile haikuzaliwa Meksiko. Iliandikwa na Fernando Gaitán wa Kolombia, ikaonyeshwa kwao 1994 kwa jina la Café, con aroma de mujer, miaka michache kabla hajaandika ile ya Betty iliyozunguka dunia nzima. Na katika milima ya kahawa ya Kolombia wanachuma mara mbili, karibu miezi ile ile yetu. Pia ni nchi iliyoumia pamoja na sisi mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika 1989 na bei ikaanguka. Kenya ilikuwa imevuna karibu tani 130,000 msimu wa 1987/88, na haijawahi kufika hapo tena. Gaitán aliandika juu ya watu waliokuwa wanaliona jambo hilo kwenye mifuko yao. Ndiyo maana ilituingia.

Baba hakuwa akitazama watu, alitazama miti. Akiona Casablanca anasogeza kiti. Meksiko kahawa nyingi hulimwa kivulini, chini ya miti mikubwa, na hilo lilimshughulisha kuliko busu lolote. Wachumaji waliojipaka rangi ya mdomo na kuachilia nywele zikianguka mabegani walimuudhi sana. "Mwambieni afunge kitambaa," alikuwa akisema, "tawi la kahawa litamng'oa nywele." Kweli ukichuma asubuhi huku kwetu majani yana umande, unalowa hadi kiunoni, sisimizi wanapanda mkono, na hakuna mwenye nafasi ya nywele.

Basi siku yenyewe. Ilikuwa Novemba, mvua na mavuno vimekuja pamoja, na Baba alikuwa amekwenda Chuka kwenye matanga. Tulichuma tangu alfajiri, tukachambua kahawa juu ya gunia uani, mbichi huku, nyekundu huku, iliyokauka mtini huku, tukajaza magunia na kuyafunga. Matunda ya kahawa hayangoji. Yakichumwa leo yanatakiwa kukobolewa leo leo kiwandani, la sivyo yanaanza kuchacha ndani ya gunia. Mtoto wa darasa la pili kwetu anajua hilo.

Lakini jioni ile ndiyo Diego alikuwa anarudi Casablanca kutimiza ahadi. Mama mdogo alikuwa ameflashi tangu asubuhi. Na runinga yetu, Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, ilitumia betri ya gari, na betri ilikuwa Nkubu kwa fundi wa kuchaji. Kaka akachukua wilibaro, ile ile ya kupelekea kahawa, akaenda kuileta. Njia ilikuwa tope jekundu. Aliporudi, giza lilikuwa linaingia, gurudumu limevaa udongo, naye amelowa chapachapa.

Mama akapiga hesabu kwa sauti. Msimu ukiwa umepamba moto, mizani ya kiwanda hufungwa usiku. Paloma ni saa moja. Tukitazama kisha tukakimbia, tutafika. Hakuna aliyempinga. Tukaunganisha betri, mdogo wangu akatoka nje kuzungusha antena kwenye mti wa mkaratusi huku tukimpigia kelele, "Hapo! Hapana, rudisha! Hapo hapo!"

Diego akatokea. Ameshuka garini, anatembea kati ya mistari ya kahawa, anamwuliza mchumaji mmoja mmoja: Paloma yuko wapi? Mama aliziba mdomo kwa leso. Na papo hapo picha ikaanza kusinyaa kutoka pembeni. Anayejua runinga za betri anajua maana yake. Watu wakakonda, nyuso zikawa nyembamba kama sindano, Diego akabaki mstari mmoja mweupe katikati ya kioo, kisha kioo kikawa giza. Fundi alikuwa ameitoa betri kabla haijajaa.

Ilipaswa wakati huo magunia yapande wilibaro. Badala yake kaka alibeba betri ile iliyokufa akaiweka kwenye wilibaro, akashuka mbio kwa jirani mwenye betri mbili, apate ya kuazima. Jirani naye hakuwa mtu wa kubanduka kwenye runinga yake, alikuwa anatazama Diego huyo huyo, na kaka ikambidi angoje mlangoni matangazo yaingie. Alipofika nyumbani na kuunganisha nyaya, majina ya waigizaji yalikuwa yakipanda kwenye kioo. Tuliposikia wachumaji wa kijiji wakirudi kutoka kiwandani, wakiongea barabarani na magunia matupu begani, tukajua mizani imefungwa.

Usiku huo hakuna aliyelala vizuri. Mama alitumia salio lake lote kumpigia mama mdogo, ili asimuliwe kilichotupita. Mama mdogo akasimulia, lakini binti yake alikuwa ametafsiri jambo muhimu kwa namna nyingine: kwamba Diego aliambiwa Paloma ameondoka, lakini hakuambiwa juu ya mimba. Kaka akasisitiza kwamba kwa alichosikia pale mlangoni kwa jirani, Diego alielewa. Wakabishana hadi simu ikakatika.

Asubuhi, harufu ndiyo iliyotuamsha, harufu kali ya kitu kilichoanza kuwa pombe. Ukiingiza mkono kwenye gunia unakuta joto. Matunda yalikuwa yamegeuka rangi, ngozi inateleza, majimaji ya kahawia yanatoka chini ya gunia na kuchora mstari hadi mlangoni. Baba alikuta hali hiyo aliporudi kutoka Chuka. Hakufoka. Alitazama magunia, akatazama wilibaro yenye betri ya jirani ndani yake, akaelewa yote bila kuuliza. Aliyapeleka kiwandani mwenyewe. Karani wa mizani alifungua gunia la kwanza, akalifunga tena, akasema neno moja: mbuni.

Kwa asiyejua, mbuni ni kahawa inayokaushwa na ganda lake bila kukobolewa. Hulipwa bei ya chini sana. Basi kwa wiki kadhaa mbuni yetu ilitandazwa kwenye mikeka uani, mbele ya dirisha la sebuleni, kila apitaye aione. Tuliigeuza kwa mikono mara nyingi kwa siku, na wingu likionekana juu ya mlima tunakimbia kuikusanya. Na kweli nakwambia, tulipokuwa tukiigeuza tulikuwa tukizungumza juu ya Casablanca. Majirani walisimama kwenye ua wakaingia mjadala. Palikuwa na mzee mmoja aliyesema kesi ya shamba la Paloma ingeletwa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, ingekwisha kwa kikao kimoja.

Baba ndiye aliyetoa hoja iliyowanyamazisha. Alisema mzee wa Casablanca angekuwa Kenya, neno lake la mdomo lingepimwa kwa Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981. Sheria hiyo inakubali wasia wa mdomo, lakini ni lazima uwe umetamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na mwenye kuusema afe ndani ya miezi mitatu tangu autamke. Paloma na mama yake hawakuwa na mashahidi. Walikuwa na ahadi tu. Alisema hayo akigeuza mbuni, bila kumtazama Mama, na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa namna yake ya kusamehe, kwa maana tangu hapo alianza kutusaidia kuichambua.

Kisha akaja Cucu, bibi yetu, kutoka Runyenjes. Cucu alikuwa ameikuta kahawa tangu utoto wake. Embu na Meru, pamoja na Kisii, ndizo sehemu ambako serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kupanda kahawa kwanza, miaka ya 1930, tena kwa kiasi kidogo na kwa masharti. Kwingine walikatazwa, kwa sababu wazungu walikuwa hawataki ushindani karibu na mashamba yao. Kwa hiyo Cucu hakuona ajabu yoyote kwa mtu kuchuma kahawa asiyoruhusiwa kuwa nayo. Alisikiliza kesi yote, upande wa Mama na upande wa mama mdogo, akanywa uji wake, akauliza swali moja: "Huyo msichana hana wajomba?" Tukamwuliza kwa nini. Akasema mimba haipandi ndege. Mimba hupelekwa kwa akina mvulana, na wazee, mchana, na Casablanca haikuwa imehama. Wazee wangefika pale, wakakaa chini ya mti, wakangoja hadi mtu atoke.

Sijasikia uchambuzi bora kuliko huo kutoka kwa mtu yeyote aliyelipwa kuandika juu ya tamthilia.

Miaka ikaenda. Stima ikafika kijijini, betri zikabaki za magari. Mwaka 2021 Kolombia wakaitengeneza upya ile hadithi ya Gaitán, ambaye alikuwa amefariki 2019, na mchuma kahawa sasa ameigizwa na Laura Londoño, naye William Levy ndiye mjukuu wa mwenye shamba. Ikafika Netflix, na mpwa wangu akamwekea Mama. Mama alitazama sehemu ya kwanza akiwa ameshika rimoti kwa mikono miwili, akaomba irudishwe nyuma, akaangalia jinsi msichana anavyochuma. Siku hizi mama mdogo hutuma ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, mrefu, na Mama huusikiliza jikoni akichambua maharagwe. Kaka yuko Nairobi, ana watoto wake, lakini bado anapigiwa simu kuulizwa neno fulani limemaanisha nini. Na magunia ya kahawa huondoka nyumbani kabla ya jua kuzama, runinga iwe imewashwa au imezimwa. Hilo Mama hulisimamia mwenyewe.

Ubishi wa wale dada wawili haujakwisha, nami nikiulizwa nasema wazi. Katika habari ya safari, niko upande wa Cucu: Paloma hakupaswa kwenda Ulaya, wala kungoja tu, alipaswa kupeleka wazee Casablanca. Katika habari ya shamba, Baba ndiye aliyesema kweli. Mzee yule alikuwa na muda wa kuita mashahidi wawili, na hakuwaita.