Msomaji Aombaye Khului

Safu ya Mshauri, kwa wasomaji waliogombana na vitabu vyao

*Mheshimiwa Mshauri, mimi ni mwalimu mstaafu, na tangu nilipokuwa bweni katika shule ya wasichana nimezipenda riwaya za Georgette Heyer, ambazo tulikuwa tukipokezana hata majalada yakabanduka, kwa kuwa ndani yake bwana mwenye kiburi hushindwa na msichana mwenye ulimi, na mwisho wake ni nikahi. Juzi mpwa wangu kaniletea* A Civil Contract. *Nimeisoma yote nikingoja mahaba, nikaletewa madeni, mifereji ya mashamba na hesabu za benki! Bwana ampenda mrembo, akamwoa mwengine kwa ajili ya mali. Je, nimpe talaka mtunzi huyu?*
— Aliyehadaiwa, Mombasa

Mwalimu wangu, mke hatoi talaka. Mke akiudhika huenda kwa kadhi akaomba khului, na sharti la khului ni kurejesha mahari. Basi kabla hujavaa buibui kwenda kwa kadhi, nifahamishe utarejesha vipi mahari uliyokwisha kuipokea, yaani zile nyakati zote za bweni ambapo kengele ya kulala ilikuwa imelia nawe ungali umejifunika shuka na tochi. Wala usidai kwamba uliolewa na mtu usiyemjua tabia. Bibi Heyer, aliyezaliwa mwaka 1902, alitoa *The Black Moth* mwaka 1921, nayo ni hadithi aliyoanza kuitunga akiwa na umri wa miaka 17 ili kumliwaza nduguye aliyekuwa mgonjwa. Na baina ya hapo na mwaka 1961, ilipotoka hiyo iliyokuudhi, alikwisha kuandika hadithi za upelelezi, na katika *An Infamous Army* ya mwaka 1937 aliifuata vita ya Waterloo kwa bidii ya mwanahistoria, wapenzi wakabaki kusubiri hata mizinga inyamaze. Mume wa namna hii akichelewa kurudi jioni moja, mke hapigi yowe mtaa mzima ukasikia.

Ama kuhusu kitabu chenyewe, naona umekisoma kwa macho ya bweni, ilhali umri wako na wangu umetupa macho mengine. Adam Deveril aitwa kutoka jeshi la Wellington kwa kufiwa na babake, akuta jina kubwa na madeni makubwa zaidi. Julia ampendaye hana mali ya kumwokoa. Na Bwana Chawleigh, tajiri asiye na nasaba, anatafuta mume mwenye cheo kwa bintiye Jenny, ambaye ni mnene, mkimya, hana sura ya kusifiwa, na kwa bahati mbaya ni rafiki wa Julia. Nikahi inafungwa. Tangu hapo mtunzi anafanya jambo ambalo, kwa mawazo yangu, ni gumu kuliko mabusu yote aliyopata kuyaandika: anatuonyesha mapenzi yakiingia nyumbani kwa mlango wa jikoni, katika kujua chakula gani kimpendezacho mume, lini aachwe peke yake, na lini asiulizwe. Msomaji wa London ana udhuru wa kushangaa. Lakini wewe, Mwalimu, uliyezaliwa katika pwani hii ambayo wazee wetu wengi walitazamana uso kwa mara ya kwanza baada ya kadhi kuondoka, na wakaishi hata mmoja alipofariki mwenzake hakumaliza mwaka, udhuru wako ni upi?

Hata hivyo sitakunyima haki yako yote. Nami nilichukizwa na unyenyekevu wa Jenny, ambaye anamjua mumewe kuwa na mwengine moyoni na bado anahesabu kila fadhila ndogo kama kwamba ni neema. Hapo mtunzi amemtoza binti wa watu kuliko kiasi, na ningalipenda walau mara moja avunje sahani. Hukumu yangu ni hii: kitabu mrudishie mpwa wako, mtunzi mbakishe.

*Bwana Mshauri, mimi na mke wangu hatusemezani tangu Ijumaa kwa sababu ya kitabu hicho hicho. Yeye anasema Julia kadhulumiwa. Mimi nasema Jenny ndiye mke. Nalala barazani.*
— Mwenye Mkeka, Unguja

Bwana, kwanza kubali kwamba mkeo ana hoja, maana Julia hakutenda kosa lolote ila kupendwa na mtu asiye na fedha, na kuolewa kwake na Rockhill aliyemzidi umri hakuwezi kuitwa ushindi. Kisha msomee kwa sauti ya upole zile sura za Waterloo. Habari za uongo zimeenea London kwamba Wellington kashindwa, watu wanauza hati zao za serikali kwa bei ya kutupa, Bwana Chawleigh mwenyewe, mzoefu wa biashara, anamhimiza mkwewe auze. Naye Adam, aliyekuwa askari na anayemjua jemadari wake, ananunua. Faida aipatayo yatosha kumwondolea haja ya fedha za mkwe. Tangu siku ile kilichobaki kumfunga na Jenny ni kile ambacho fedha hazikukinunua, na mtunzi ametumia kitabu kizima kutufikisha hapo. Mkeo akikataa bado, usibishane. Kunja mkeka uingie ndani, kwani vuli inakaribia.

*Nimeazima* Absent in the Spring *kwa kuambiwa ni ya Agatha Christie. Nimefika mwisho, na hakuna maiti. Kurasa zimechanwa?*
— Mfuatia Nyayo, Tanga

Hazikuchanwa. Tazama jalada: kilipotoka mwaka 1944 liliandikwa Mary Westmacott, jina alilojifichia Bibi Christie kwa riwaya sita baina ya mwaka 1930 na 1956 ili watu wa aina yako wasije wakamdai mzoga. Hiki anasema alikiandika kwa siku tatu. Bibi mmoja amekwama jangwani akingoja treni, hana la kufanya ila kujifikiri, na mtuhumiwa na mpelelezi ni mtu mmoja. Kisome tena.

*Mimi ni mtunzi wa hadithi za mahaba katika gazeti la kila juma. Nataka kuandika habari za wavuvi na deni la nyavu. Mhariri anasema wasomaji watanikimbia. Nijifiche kwa jina jingine?*
— Kalamu Taabani, Lamu

Ndugu yangu, wapo watakaokukimbia, na mhariri hakusema uongo. Lakini sikiliza yaliyompata Bibi Heyer. Kwa miaka mingi alikuwa na azma ya kuandika kitabu kikubwa juu ya aila ya Lancaster katika zama za kati, na kila alipoketi kukiendeleza, wasomaji walitaka mahaba mengine na serikali ikataka kodi, akakiweka kando kuandika kilichouzika. Alifariki mwaka 1974. Mumewe alichapisha sehemu aliyoiacha mwaka 1975 kwa jina la *My Lord John*, haina mwisho wala haitaupata.

Kwa hivyo anza sasa, na jina tumia lako. Euphrase Kezilahabi alitoa *Rosa Mistika* mwaka 1971 kwa jina lake, na kwa jina lile lile akatoa *Nagona* mwaka 1990, iliyowaacha wengi waliompenda wakijikuna vichwa. Wanabishana hata leo, na mtu habishani juu ya kitabu asichokisoma. Ila kabla hujampelekea mhariri sura ya kwanza, nenda forodhani ukaulize bei ya nyavu na ni nani anayewakopesha, kwa maana mvuvi akikuta umekosea hapo, ukurasa wa pili hataufungua.