Yah: Maombi ya Kutambuliwa Kuwa Mkopeshaji wa Kampuni

Ndugu Mhasibu Mkuu,
Makao Makuu, Dar es Salaam.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni dereva wa kirikuu yenu hapa Tabora. Napeleka mizigo ya wateja Sikonge, Urambo na kokote mnakonituma. Natia petroli kwa fedha yangu, nanyi mnairejesha mkishajiridhisha. Mwaka mzima nilidhani nimeajiriwa. Juzi mke wangu, katika kuhangaikia ada ya mtoto, akanifumbua macho: kumbe mimi ni benki.

Benki isiyotoza riba, ndiyo maana mnanipenda. Ila EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mji kwa mji, na ya Tabora huizidi ya Dar es Salaam kwa sababu mafuta nayo husafirishwa kuja huku. Nyinyi mnanirejeshea kwa bei ya Dar. Kilomita mnazipima kwenye ramani, ambako mito haifuriki wala mteja hahami kijiji. Petroli ya kidumu niliyonunua porini mliikataa kwa kukosa risiti ya EFD. Nitamsihi yule bibi muuza vidumu anunue mashine.

Njia ya Tabora imezoea mizigo tangu zamani. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili, karibu kilo 32, kati ya Unyanyembe, huku kwetu, na Bagamoyo, naye alipewa posho njiani: nguo au shanga za kununulia chakula. Posho ikipunguzwa, mizigo ilitua chini mpaka kieleweke. Hakuna aliyemtaka ale kwanza kwa chake, kisha atunze pumba za mtama ziwe ushahidi. Na waajiri wake walikuwa matajiri wa pembe na watumwa, Ndugu Mhasibu. Sikutarajia kuwatolea mfano mwema.

Hapa Kwihara, nje kidogo ya mji, Livingstone alikaa tangu Machi hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi aliotumiwa na Stanley kutoka pwani. Nimelinganisha na madai yangu ya safari ya Ulyankulu: nimempita kwa wiki mbili.

Petroli iliyomo sasa itanifikisha Kwihara tu. Gari nitaliegesha pale, makatoni ya wateja yakiwa ndani. Nyumba aliyokaa Livingstone siku hizi ni makumbusho. Nadhani hawatakosa nafasi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Dereva, Tabora